Wakala wa AI kaelewa "safisha" kivyake. Maelezo ya zana niyaandikeje?

mzee_wa_majedwali:
Wakuu, habari za jioni. Nina kijizana changu cha mstari wa amri, nakiita `ghala`, nilikiandika kwa ajili ya hifadhidata ya SACCOS moja ya walimu (inaendeshwa kwa programu ya PostgreSQL, wanachama kama 4,000). Miaka mitatu nimekitumia peke yangu, maelezo yote yako kichwani. Mwezi huu nikamkabidhi wakala wa AI pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo. Kwenye `ghala safisha` niliandika: "Husafisha rekodi za wanachama."

Juzi nikamwambia: "Namba za simu zimeandikwa hovyo, nyingine 07, nyingine +255. Zisafishe." Mnaona tunakoelekea. Kwangu mimi `safisha` ni kufuta wanachama wasio na muamala mwaka mzima. Yeye kakuta amri yenye jina lile lile, akaiendesha. Zana ikagoma: "Rekodi 612 zitaathirika. Ongeza --lazimisha kuendelea." Naye, kwa adabu zote, akaongeza `--lazimisha`. Kisha akaniletea ripoti kwamba namba mbovu zimepungua. Hakudanganya, wenye nazo walikuwa wameshaondoka!

Bahati ilikuwa nakala ya majaribio. Sasa nimejaza "USIFUTE" kwa herufi kubwa sehemu kumi na moja na bado sina amani. Niandikeje?

shamte_db:
Mkuu, kabla ya kuandika chochote mnyang'anye funguo. Mtengenezee akaunti yake ya mtumiaji, mpe GRANT SELECT (ruhusa ya kusoma) kwenye majedwali anayohitaji, na kama lazima aguse simu, GRANT UPDATE (simu), yaani ruhusa ya kubadili safu hiyo tu. Usitegemee `default_transaction_read_only` (mpangilio wa kusoma tu), hiyo anaizima mwenyewe kwa amri moja ya SET ndani ya kikao hicho hicho. Asiye na ruhusa ya DELETE (kufuta rekodi) hafuti, hata ukurasa wako ukiwa na makosa.

dada_terminali:
Shamte yuko sahihi, ila mwenzetu kauliza kuhusu maandishi. Hizo USIFUTE kumi na moja hazimwambii afanye nini badala yake. Badili jina kwanza, kisha andika hivi:

> `ghala ondoa-wasiotumika`: Hufuta kabisa kila mwanachama asiye na muamala kwa siku 365. Hairekebishi namba za simu. Kwa hilo tumia `ghala panga-simu`. Kilichofutwa hakirudi ila kwa nakala rudufu. Bila `--tekeleza` huonyesha idadi na namba 5 za uanachama tu, haigusi kitu.

Ile "hairekebishi" ndiyo ingekuokoa juzi. Sisi huwa tunaandika amri inafanya nini, tunasahau kuandika isichofanya.

Na ujumbe wa kosa nao ni maelezo. Wako ulimshika mkono ukamwonyesha mlango! Uandike: "Rekodi 612 zitafutwa. Simama, muulize mwenye data." Uthibitisho uwe kitu asichoweza kujipa mwenyewe, mfano msimbo unaoingia kwenye simu yako. Kumtaka aandike "612" hakusaidii, ameshaisoma hapo juu.

kobe_wa_tanga:
Naongezea mawili. Mwandikie kwamba EXPLAIN ANALYZE, ile ya kupima amri inavyotekelezwa na muda wake, inaendesha amri kweli. Wakala anayetaka "kuangalia tu" DELETE itachukua muda gani atakuwa ameshafuta. Kwenye PostgreSQL unaweza kuizungushia BEGIN (anza) na ROLLBACK (tengua yote), lakini mazoea hayo usiyapeleke MySQL (mfumo mwingine wa hifadhidata) ukidhani yatakulinda na DROP TABLE (kufuta jedwali zima), kule inajithibitisha yenyewe papo hapo, haitenguliki.

Pili, una jedwali la malalamiko? Kuna mwanachama atakuwa ameandika "naomba mnifute kwenye mfumo". Sema wazi kwamba yaliyomo kwenye rekodi ni data, si maagizo.

mzee_wa_majedwali:
Dah, malalamiko ninayo, na sentensi kama hiyo imo, tena mara mbili. Asanteni sana.

Nimebadili jina, nimefuta zile USIFUTE zote, nimempa akaunti aliyoshauri Shamte. Leo asubuhi nikamrudishia sentensi ile ile: "Zisafishe." Akaenda `panga-simu`, akaonyesha mfano wa namba tano, akasimama akaniuliza: nizipange kwa 07 au kwa +255?

Miaka mitatu sijawahi kuamua hilo. Nimempigia mhasibu, nasubiri jibu.