Tupeane uzoefu: ukiripoti kipigo cha nyumbani, kumbukumbu inabaki wapi? (Kigoma na Tabora)

MjaUjiji
Habari za jioni wadau. Dada yangu mkubwa alipigwa na mumewe mpaka jino la mbele likatoka. Tulikwenda kituoni, tukapewa RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi) na PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari), akatibiwa. Wazee wa pande zote wakakaa, shemeji akaomba radhi, yakaisha kifamilia. Baadaye akarudia, safari hii akamvunja mkono. Askari wa zamu akamuuliza dada kama amewahi kupigwa kabla. Ndiyo, tena tuliripoti hapahapa. Akafunua kitabu kilichokuwa mezani, kipya kabisa, cha zamani kilishapelekwa stoo. "RB ya kwanza mnayo?" Hatuna. Ilikuwa kwenye mkoba ambao shemeji aliuchoma pamoja na nguo za dada. Kwa hiyo kwenye makaratasi, yule bwana hajawahi kumgusa mkewe.

Walioyapitia haya Kigoma na Tabora, kwenu iliandikwaje? Msitaje majina ya watu wala vituo, tafadhali.

MamaNtile_Gungu
Pole sana mdogo wangu. Mimi niliandikiwa "ugomvi wa kifamilia", basi. Sikio lilikuwa linatoka damu! Ushauri wangu ni mmoja: PF3 daktari akishaijaza inarudi polisi, kwa hiyo ipige picha mbele na nyuma kabla hujaikabidhi, na picha umtumie mtu asiyeishi nyumba moja na wewe. Mimi nilimtumia wifi yangu. Ndiyo, wifi. Si mawifi wote ni wabaya.

KaraniMstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama mkoani Tabora mpaka nastaafu, nieleze ilivyo kwa ndani.

Kanuni ya Adhabu haina kosa la peke yake linaloitwa kumpiga mke au mume. Kuna shambulio la kawaida, kuna shambulio la kudhuru mwili, kifungo hadi miaka 5, na kuna kusababisha madhara makubwa, hadi miaka 7. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, lakini ukishampiga unashtakiwa kwa makosa hayohayo ya kila mtu. Kwenye rejesta nilikuwa naandika namba ya kesi, jina la mshtakiwa na kosa. Aliyempasua mkewe na aliyepigana na mlevi mwenzake kilabuni wanafuatana mistari, huwezi kuwatofautisha. Kwamba ni mke na mume utalikuta ndani ya maelezo ya mashahidi, na jalada likishafungwa nani analifungua?

Mtu akitiwa hatiani, kabla ya adhabu mwendesha mashtaka anaulizwa historia yake. Jibu nimelisikia mpaka nililikariri: "Mheshimiwa, hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma za mshtakiwa." Wakati mwingine mshtakiwa mwenyewe tunamjua, alishasimama kizimba kilekile. Ila kesi ya kwanza iliisha kwa suluhu. Kwa shambulio la kawaida sheria inairuhusu mahakama iwapatanishe, mwendesha mashtaka akiridhia. Wakipatana hakuna hatia, na pasipo hatia hakuna cha kukumbukwa.

TumbakuUrambo
Mtanishambulia, lakini nasema. Kaka yangu alikuwa na mkono mwepesi, hasa msimu wa malipo ya tumbaku. Yakamalizwa kwa mwenyekiti wa kijiji kwa mbuzi. Alipoomba kazi ya udereva akatakiwa cheti cha tabia njema, akapimwa alama za vidole, akakipata bila shida. Nyumbani tulifurahi, kwa sababu watoto wanakula kwa ile kazi. Mkiandika kila kofi, mnawalisha nyinyi?

Lakini na mimi kuna kitu kinanisumbua. Mke wa kwanza aliondoka, kaka akaoa binti wa Nzega. Wazee wake walikuja kuuliza habari zetu, wakaambiwa ni kijana mchapakazi. Na kweli ni mchapakazi. Yule binti sasa hivi yuko kwao na mtoto mgongoni.

MamaNtile_Gungu
Kofi, unasema. Haya.

KibondoHouston
Nasoma nikiwa Texas. Huku shtaka linaweza kuwa la shambulio lilelile, ila jaji akiona ni ukatili wa kifamilia anatakiwa aliandike hilo kwenye hukumu. Ule mwandiko hauondoki. Ukirudia, kosa ambalo lingekuwa dogo linapanda kuwa la miaka 2 hadi 10. Hata aliyekiri akapewa kipindi cha uangalizi badala ya kutiwa hatiani, ile kesi inahesabika akirudia. Kwa sheria ya nchi nzima, tangu 1996 aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, haruhusiwi kumiliki bunduki.

Lakini msidhani huku ni peponi. Mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani askari mmoja wa jeshi la anga kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi halikupeleka taarifa FBI, polisi wa upelelezi wa taifa, ambao kumbukumbu zao ndizo zinazoangaliwa mtu akinunua bunduki dukani. Akanunua bunduki dukani, akapita ukaguzi, na Novemba 2017 akaua watu 26 kanisani Sutherland Springs, hukuhuku Texas. Sheria ilikuwepo, hukumu ilikuwepo, kumbe haikutumwa tu.

MjaUjiji
Mzee Karani, dada ameanza kuyumba, mama mkwe amemlilia afute kesi. Anaweza?

KaraniMstaafu
Akishashtakiwa, kesi ni ya Jamhuri, si ya dada yako. Na sheria ya ushahidi inaruhusu mke alazimishwe kutoa ushahidi pale mume anaposhtakiwa kwa kumdhuru yeye au watoto. Ila nikwambie ukweli, shahidi wa kulazimishwa anafika kizimbani anasema aliteleza bafuni.

Kama bado ana nia, aombe kuandika maelezo ya nyongeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asisaini kabla hajasomewa. Iandikwe "mume wangu", si jina tupu, na tukio la jino litajwe na mwezi wake na hospitali aliyotibiwa, maana hospitali nao wana kumbukumbu zao. Kesi ikiisha, aandike barua kwa hakimu mfawidhi kuomba nakala ya hukumu, aitunze kwenu.

TumbakuUrambo
Na aliyesingiziwa je?

KaraniMstaafu
RB si hatia, mwanangu. Inaonyesha tu kwamba siku fulani mtu alikuja kulalamika. Hatia inatoka kwa hakimu, na aliyeachiwa haandikiwi. Kaka yako hakusingiziwa wala hakuachiwa, yeye alitoa mbuzi.