Naomba ushauri: natafuta noti ya dola 1 ya Minneapolis, na naishi hapahapa Minneapolis

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mi na kijana wangu tunakusanya noti za dola 1 za wilaya zote 12 za Benki Kuu ya Marekani, zile zenye duara jeusi kushoto na herufi katikati, A ya Boston mpaka L ya San Francisco. Tunazo 11, imebaki I tu, yenye namba 9 karibu na pembe nne, na hiyo I ndo ya Minneapolis tunapoishi, yaani maji tunayaona ila kiu haiishi!

Chenji ya dukani inaleta G za Chicago na B za New York kila siku, maana noti ikishatoka inazurura nchi nzima. Nilienda benki nikaomba bunda jipya la noti 100, keshia akanipa, kufungua zote ni L, tena zina FW kadogo kuonyesha zimechapwa Fort Worth kule Texas badala ya Washington. Dogo akacheka mpaka basi.

Sasa kwa waliowahi kufanya kazi benki huku: tawi likiagiza noti mpya kutoka benki kuu ya wilaya yake, linaweza kupewa zenye herufi ya wilaya nyingine? Na je, niendelee kubahatisha mabunda au ninunue tu kwa wakusanyaji, na bei ya haki kwa noti iliyotumika ni kama ngapi? Sitaki kupigwa jamani.