Tupeane uzoefu: buruweti (toroli la gurudumu moja) gani inadumu kwenye mawe ya Goma?

Fundi_Ndosho
Wakubwa, salamu. Hapa Goma tunajenga juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na karibu kila shantye, yaani mahali pa ujenzi, ina buruweti iliyokufa, imeegemezwa ukutani. Naomba kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake: ipi ilidumu, ipi ilikufa, na ugonjwa ulianzia wapi. Maneno ya dukani tunayajua tayari.

Naanza mimi. Mnunuzi akifika dukani anagonga beseni, anasikiliza mlio, analipa. Lakini nyingi nilizoona hazikufia kwenye beseni. Zilifia kwenye gurudumu, pale katikati ekseli inapopita. Za bei ndogo hazina beringi. Chuma kinazunguka ndani ya chuma, vumbi jeusi la lava linaingia na kusaga kama msasa. Tundu linapanuka, gurudumu linayumba, tairi linaliwa upande mmoja, na kijana anayesukuma anachoka kabla ya saa sita. Kwa hiyo nikienda kununua naipindua buruweti, nashika gurudumu kwa mikono miwili, nalitikisa kushoto na kulia. Likicheza likiwa bado jipya, naiacha palepale. Naangalia pia kama kuna mahali pa kutilia grisi.

Mama_Himbi
Aksanti fundi. Mimi si wa kazi hiyo, najenga kwa pesa yangu, na vifaa vyote nanunua mwenyewe. Kilichokuwa kinaniumiza ni zege kulala ndani ya beseni. Maji tunanunua kwa bidoni, kwa hiyo jioni hakuna anayetaka kuyamwaga kwenye kuosha. Asubuhi wanabandua zege kwa nyundo, beseni linabonyea, rangi inatoka, na mvua ya huku haichelewi kuleta kutu. Sasa natenga bidoni moja ya jioni, haiguswi kwa kazi nyingine. Kwanza wanasugua kwa mchanga mkavu zege likiwa bado bichi, halafu maji kidogo yanatosha. Buruweti niliyoanza nayo kwenye msingi ndiyo iko kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, leo.

Birere_Vifaa
Mimi niko upande wa kuuza, na nitasema ukweli. Watu wanaulizia kubwa wakidhani kubwa ndiyo ngumu. Pigeni hesabu: lita moja ya zege ina karibu kilo 2.4. Ukitia lita 60 umebeba kilo 144, karibu mifuko mitatu ya simenti ya kilo 50. Beseni la lita 90 likijaa linapita kilo 200, na si kila fremu imetengenezwa kwa mzigo huo. Tazama bomba. Zuri ni moja lililokunjwa, linaanzia mkono huu, linazunguka mbele ya gurudumu, linarudi mkono wa pili. Likiwa vipande vilivyoungwa kwa bolti, hapo kwenye bolti ndipo litakapokatikia. Tazama pia vyuma vinavyoshikilia beseni kwa mbele, maana ukimwaga mawe, kishindo chote kinaishia pale.

Kadutu_Juu
Kwetu Bukavu shida si mawe, ni mlima na utelezi. Kwenye kushuka hatusukumi. Tunageuka, buruweti inabaki nyuma upande wa juu, tunaizuia tukishuka polepole. Ikizidi nguvu unabonyeza mikono chini, miguu yake inakwaruza udongo, inasimama. Ndiyo maana kwetu miguu inaisha kabla ya gurudumu. Tunachomelea kipande cha nondo chini ya kila mguu buruweti ikiwa mpya, bomba likiwa halijatoboka.

Majengo_Masoni
Mbona hakuna aliyesema tairi? Mawe ya lava yana makali, tairi la upepo halimalizi wiki bila kutobolewa. Bosi wetu akaleta gurudumu la mpira mgumu. Kutobolewa kukaisha, lakini mtikisiko ukahamia kwenye viganja vyetu na kwenye bolti, ikabidi tukaze nati kila asubuhi. Na zege likitikiswa njia nzima, kokoto zinakaa chini, maji yanapanda juu na kumwagika.

Fundi_Ndosho
Majengo, umegusa penyewe. Mpira mgumu mimi naupa kazi ya kubeba mawe na kifusi tu. Kwa zege nabaki na upepo, lakini kati ya tairi na mpira wa ndani nazungushia ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu la pikipiki, kingo zake zikiwa zimechongwa zisiukwaruze mpira. Mtoboko unapungua sana. Na vijana wafundishwe kupakia: mawe mazito yatangulie mbele, juu ya gurudumu, mepesi yafuate karibu na mikono. Mzigo ukikaa nyuma, mgongo ndio unaobeba.

Mama_Himbi
Huo ukanda unakatiwa wapi, fundi?

Fundi_Ndosho
Kwa wanaoziba matairi ya pikipiki, mama. Nenda na gurudumu lenyewe, wapime hapohapo. Ukanda ukiwa mrefu ukajikunja ndani, hiyo mikunjo itatoboa mpira kuliko lava.