Nahamia Minnesota kutoka Texas, tinti yangu itanisumbua?

Binti_Makorora: Wakuu habari za wikendi. Mwezi ujao nahama Dallas naenda Minneapolis kikazi, gari ni Camry, nimepiga tinti vioo vyote kasoro kile kikubwa cha mbele. Milango ya mbele inapitisha mwanga kama asilimia 30, nyuma ni nyeusi tii. Hapa Texas niko sawa maana mbele wanataka angalau 25. Nasikia kule ni wakali, ni kweli? Na nikibaki na namba za Texas si wataniacha? Mtoto anakaa nyuma na jua linamchoma, sipendi kuibandua kama si lazima.

Mzee_wa_Loli: Dada ni kweli, Minnesota ni angalau asilimia 50, na kwa gari dogo kama lako hiyo 50 ni mpaka nyuma, wanakuachia asilimia 3 tu za kosa la kipimo. Namba za Texas hazitakukinga, ukishahamia una siku 60 za kusajili gari na hapo sheria yao inakuhusu. Halafu ukipanda na barabara kuu ya I-35 unapita jimbo la Iowa, wale mbele wanataka 70. Kila jimbo na lake, Florida 28, California 70, ndo maana watu wananaswa.

kaka_wa_columbus: Naongezea, usiweke stika ya tinti ya 50 ukadhani umemaliza!! Kioo chenyewe kimeshakula mwanga kabla ya stika, tuseme kinapitisha 80, ukibandika ya 50 juu yake unabaki na 40, na kipimo cha askari kinasoma vyote pamoja. Mimi hapa Ohio mbele ni 50, fundi akaniambia iko poa, nikasimamishwa kikasoma 39, nikalipa faini na hela ya kubandua juu, iliniuma sana. Mwambie fundi apime kioo kwanza.

Mama_Ilala: Mdogo wangu kuhusu mtoto usiogope, zipo stika angavu za seramiki, za 70, zinazuia karibu miale yote ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, na joto linapungua. Kama ana shida ya ngozi daktari anaweza kukuandikia barua ya kuruhusiwa tinti nyeusi zaidi, Minnesota wanaikubali, utembee nayo garini. Ukisimamishwa usiku shusha vioo vyote uwashe taa ya ndani, askari akuone mikono.

Binti_Makorora: Asanteni mno, basi naibandua kabla sijaondoka. Zile nyaya za kukausha ukungu kioo cha nyuma hazitakatika?

kaka_wa_columbus: Zinakatika ukikwangua na wembe. Tumia mvuke, ivute taratibu.