Wageni 14 wanataka kwenda kuchimba kisima kijijini kwetu. Niwaambie nini?

Mnyiramba wa Ohio

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwenyeji wa Iramba, Singida. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, nahudumia wazee. Kanisani ninakosali kuna kikundi cha watu wa kujitolea. Mwaka jana waliniomba nisimulie maisha ya nyumbani, nikawaeleza mama alivyokuwa akituamsha saa tisa usiku twende korongoni kufukua mchanga, tungoje maji yajichuje, tuchote kwa kata mpaka ndoo ijae. Ukichelewa ukakuta kumekucha, ng'ombe wameshafika na hakuna kitu. Watu walilia. Sasa wamekuja na mpango: watu 14, wiki mbili za mwezi wa saba, waende kijijini kwetu wakachimbe kisima kwa mikono yao. Kila mmoja ametenga dola 3,500 za nauli na malazi, na fedha za kisima wamezichangisha pembeni. Mimi ndiye mkalimani.

Nimefurahi, siwafichi. Lakini nilipompigia mama simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wakishaondoka, kikiharibika tumtafute nani?" Nilikosa la kumjibu. Pale shuleni kuna kisima cha wafadhili kilichochimbwa nikiwa darasa la tano. Nakumbuka ngoma, nakumbuka utepe ukikatwa. Namaliza la saba, mkono wa pampu ulishang'oka na lile zege tulikuwa tunaanikia mahindi.

Wameniomba niwaandikie orodha ya kazi watakazofanya. Sitaki kuwavunja moyo, kwa sababu wanatoa kwa upendo na nauona. Sitaki pia kuwapelekea wazazi wangu zege la pili la kuanikia mahindi. Anayeijua kazi hii anisaidie.

---

Kijana wa Manyoni

Dada, zidisha: 14 mara 3,500 ni dola 49,000, na bado hujagusa maji. Ningekuwa mimi ningewaambia waje watatu tu, hela nyingine iende kwenye kazi.

Halafu mwezi wa saba watu wako kwenye alizeti. Mtawakusanya kina nani mkutanoni? Na wasije kwa viza ya utalii wakashika kazi. Wa kujitolea naye anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi, daraja C. Kuna kikundi kilikatishwa kazi kijiji cha jirani kwa sababu hiyo hiyo, aibu ikawa ya wenyeji waliowakaribisha.

---

Fundi Pampu

Marahaba mwanangu.

Nilianza kazi ya maji mwaka 1984 kule Mtwara, kwenye mradi uliokuwa ukifadhiliwa na Wafini, nikiwa kijana wa kubeba mabomba. Pampu ya kwanza kuifungua na kuifunga mwenyewe ilikuwa Nira. Baadaye nikahamia Singida, huko ndiko nilikostaafia. Kwa hiyo ninayokuandikia nimeyashika kwa mikono.

Hilo la kuchimba kwa mikono liondoe. Singida chini ni mwamba wa itale. Maji mazuri yamekaa kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa zake, na nyufa huzioni kwa macho. Kwanza anakuja mpimaji, anaingiza umeme ardhini kusoma mwamba ulivyokaa, ndipo anaweka kigingi. Mtambo ukifika unatoboa kwa siku moja au mbili. Kisha kisima kinasafishwa na kupampuliwa mfululizo, usiku na mchana, kuona maji yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani. Mchimbaji awe na leseni, na kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ofisi ipo Singida mjini. Katika yote hayo hakuna kazi inayongoja mikono ya wageni 14. Na wachimbaji wengi hudai malipo hata shimo likitoka kavu. Mwambie mwenye mfuko wa fedha mapema, asije akadhani ameibiwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi.

Kuna kijiji, sikitaji, wageni kutoka nje walichimba kisima kizuri sana. Maji meupe, matamu, hayana harufu. Walipima vijidudu, wakakuta hakuna, wakafunga pampu, tukashangilia wote na mimi nikiwemo. Floridi haikupimwa. Baada ya miaka kadhaa mwalimu mkuu akaniita ofisini, akawapanga watoto wa darasa la tatu mbele yangu akawaambia wacheke. Meno ya kahawia, mengine yana mashimo kama kuta zilizoliwa na mchwa. Tukapeleka maji maabara, floridi ikaja zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale, inazidi kukolea. Inayapata meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo aliyeharibika ni mtoto mdogo kabisa, yule ambaye kisima kilichimbwa kwa ajili yake.

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuifunga ile pampu. Nikakaza bolti, kina mama wamesimama na ndoo zao wananiangalia. Mmoja akaniuliza, "Turudi kulekule?" Walirudi kulekule korongoni, mpaka ulipopatikana msaada wa kuchimba kingine upande wa pili wa kijiji, mwendo wa nusu saa tu, na hicho floridi yake ilikuwa chini kabisa. Kijiji kimoja, visima viwili, maji tofauti. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuambia "maji ya kwenu ni salama" bila kuyapima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fedha zenu ni vipimo vya kemikali, kabla hata ya kuzungumzia pampu ya aina gani. Pimeni floridi, chumvi, naitreti, chuma. Chuma kikizidi chai inakuwa nyeusi na nguo nyeupe zinapata kutu, na hapo kina mama watakiacha kisima hata kama hakimdhuru mtu.

Kuhusu pampu. Afridev, ile pampu ya mkono, ilibuniwa ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Lakini mwisho wake ni mita 45 hivi. Maji yenu yakilala chini zaidi ya hapo, msilazimishe, fikirini pampu ya sola na simtanki. Na hata Afridev ina zile sili za mpira na bushi zake, zinalika, lazima zibadilishwe. Kipuri chenyewe si ghali. Shida ni duka liko wapi, nauli ya bodaboda nani analipa, na fundi ni nani. Kile kisima cha shuleni kwenu naamini kilikufa kwa kakipuri unakoweza kukaficha kiganjani.

Sisemi wageni wasije. Nimefanya kazi na mama mmoja wa Denmark, mtu wa maabara, alikaa kwetu miezi saba. Alijifunza Kiswahili, akawafundisha mabinti wawili kupima maji na kuandika majibu kwenye daftari moja kwa kila kisima. Mmoja wa mabinti wale leo ni mtaalamu wa maji wilayani. Waulize watu wako 14: nani anajua maabara, nani anajua hesabu za kikundi, nani fundi umeme wa sola, na nani anaweza kukaa miezi, si wiki. Hao waje. Wengine wasomeshe vijana wawili wa kijijini kwenu, mvulana na msichana, ufundi wa pampu VETA, au mmoja aende Chuo cha Maji pale Ubungo. Hapo mama yako atakuwa na wa kumtafuta.

Na kabla ya yote, nenda RUWASA wilaya, wale wakala wa maji vijijini. Huenda kijiji chenu kimo tayari kwenye mpango wa bomba, mkachimba mahali ambapo kilula kingefika mwakani.

---

Mhazini wa Kisima

Naongeza dogo kutoka Chamwino. Mimi ni mhazini wa jumuiya yetu ya watumia maji, mwaka wa sita. Tunatoza shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Wazee wasiojiweza wanane wanachota bure, majina yao yalipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na yamebandikwa ofisini, kwa hiyo hakuna manung'uniko.

Kitu ambacho wafadhili wetu hawakukijua ni masika. Mvua ikinyesha watu wanachota kwenye madimbwi na lambo kwa sababu ni bure, mapato yanashuka mpaka siku nyingine napokea shilingi 600. Mlinzi anataka posho yake vilevile. Mwaka wa kwanza tulikula akiba yote, na pampu ikaharibika mwezi wa nne tukiwa hatuna kitu. Tulikaa wiki tano bila maji. Sasa hela ya kiangazi tunaigawa, sehemu yake haiguswi mpaka masika yaishe.

Dada, kama kuna mgeni wako mmoja anajua mahesabu na ana moyo wa kukaa chini na kina mama na daftari, huyo mlete. Na jambo jingine: mahali pa kuweka kisima waulizeni wanaochota. Kwetu wenyeviti walitaka kiwe karibu na ofisi ya kijiji. Kina mama tukakataa kata kata. Na wafugaji muwajengee mbauti ya kunyweshea mifugo pembeni, la sivyo ng'ombe watakanyaga zege lenu kila siku.

---

Mnyiramba wa Ohio

Nimesoma maneno yenu mara tatu, nikiwa kwenye basi la kurudi kazini. Asanteni sana, na mzee Fundi, shikamoo tena.

Mdogo wangu wa mwisho, wa 2003, meno yake ni ya kahawia. Sisi wakubwa yetu ni meupe. Nyumbani alikuwa akipigwa kwa kutopiga mswaki. Yeye ndiye aliyekunywa maji ya kile kisima cha shuleni tangu anyonye, pampu ikiwa bado nzima, sisi tulikuwa tumekulia ya korongoni. Sijawahi kuyaunganisha mambo hayo mpaka usiku wa leo. Anapocheka anaziba mdomo kwa kiganja, hata kwenye picha ya harusi yake.

Jumapili nitazungumza na kikundi. Nitawaambia safari ya mwezi wa saba isogezwe. Je, maji ya kile kisima cha zamani yanaweza kupimwa sasa, kabla hatujafanya lolote? Kuna mtu aliyekifungua mwaka juzi akaweka kamba na ndoo, watu wanachota.

---

Fundi Pampu

Yanaweza. Mwambie mama yako atafute chupa ya plastiki ya lita moja, yenye kifuniko, isiwe ya kioo na isiwe iliyowekewa mafuta. Aisuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, aijaze mpaka juu, afunge. Aandike kwenye karatasi jina la kijiji, jina la kisima, tarehe na saa, aibandike kwenye chupa kwa gundi ya karatasi. Ampe mtu anayekwenda Singida mjini, aipeleke maabara ya maji, aseme anataka kipimo cha floridi. Risiti aitunze.

Wakati tunangoja majibu, watoto wadogo wa pale nyumbani wasipewe maji hayo kunywa wala kupikiwa uji. Kufulia na kuogea hayana neno. Na huyo mdogo wako mpigie simu leo, umwambie haikuwa mswaki.