Corolla ya 1996 inazima mlimani hata baada ya kubadilishwa pampu ya mafuta

Mwalimu, Mkoani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninayo Toyota Corolla ya mwaka 1996 yenye injini ya 5A-FE, ambayo huitumia kila siku kwenda skuli ninayosomesha Chake Chake. Tangu kabla ya Ramadhani ina maradhi haya: asubuhi inawaka kwa stata moja na inakwenda vizuri, lakini baada ya kiasi cha nusu saa, hasa nikikutana na mlima, huanza kugugumia, nguvu hupotea hata nikikanyaga mafuta mpaka chini, na mara nyengine huzima kabisa. Nikiiacha dakika 20 boneti ikiwa wazi, huwaka kama kwamba haikuwa na lolote.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema pampu imekufa, nikaagiza mpya kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa boti, ikafungwa, na siku ya tatu nikakwama pale pale. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Sasa naambiwa ninunue nozeli nne, zile zinazonyunyizia petroli ndani ya injini. Mbuzi mmoja keshakwenda kwenye pampu. Kabla sijamuuza wa pili, naomba mnielekeze namna ya kuthibitisha ubaya uko wapi.

Fundi, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam, mwalimu. Nozeli ziweke kando, kwani nne haziwezi kuziba zote kwa mpigo baada ya nusu saa kisha zikazibuka zenyewe gari ikipoa. Taa ya injini nayo isikutulize: kompyuta ya gari hizi haina kipimo cha presha ya mafuta, kwa hiyo pampu inaweza kulegea na taa isijue.

Jambo la kwanza ni kujua kama ubaya uko kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi, na hilo hufanywa pale pale gari ilipozimia, kwa sababu koili, ile inayozipa plagi umeme, ikichoka kwa joto nayo huzima na kurudi kwa namna hiyo hiyo. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya mmoja wa plagi, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na mabomba ya mafuta, na mtu apige stata. Ukiona moto wa buluu unaruka kwa nguvu, geukia mafuta.

Hapo utahitaji geji ya presha, nami sijui kwa nini mafundi wetu wengi huona haya kuiazima. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Ukiunganisha vitundu vya FP na +B kwa kipande cha waya na kuwasha swichi bila ya kupiga stata, pampu itazunguka peke yake. Ukiuchomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye kidhibiti cha presha na kuuziba, geji isome baina ya psi 38 na 44. Ukiurudisha injini ikiwa inanguruma taratibu, presha ishuke ifike thelathini na kitu. Mpira huo ukikutwa umelowa petroli, kidhibiti kimepasuka ndani na hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Lakini gari yako haiugui ikiwa imesimama, inaugua mlimani. Kwa hiyo funga geji yenye mpira mrefu, itoe nje kupitia ukingo wa boneti, ibandike juu ya kioo cha mbele kwa nje, isiingie ndani ya gari abadan, kisha panda mlima huku mwenzako akiisoma. Ukikanyaga mafuta presha inatakiwa ipande. Ikishuka, mafuta hayafiki. Kabla ya kufungua bomba lolote punguza presha, toa waya hasi wa betri, na weka kizimia moto karibu.

Kijana wa Fuoni

Mimi niliambiwa kwamba nusu lita ya mafuta ya taa ndani ya tangi husafisha njia yote. Mwalimu angejaribu hilo kwanza, ni rahisi.

Dereva mstaafu, Wete

Mwanangu, mafuta ya taa yatampa moshi na mgongano ndani ya injini, wala hayasafishi kitu. Mwalimu, mimi nakuuliza unatia mafuta kiasi gani. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na wengi wetu hutembea na taa ya mafuta ikiwa inawaka mwezi mzima. Tena, ukiwahi kununua petroli ya dumu, fungua uangalie kile kichujio cha kitambaa kilicho kwenye mdomo wa pampu, na filta ya chuma iliyo mbele uibadilishe hata kama inaonekana mpya kwa nje.

Jengine ni chumvi. Gari zetu hukaa na upepo wa bahari, na waya wa ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, huoza chini ya bolti ilhali juu unang'ara. Pima umeme kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi; ukipima soketi iliyochomolewa itakuonesha volti kamili na kukudanganya.

Mwalimu, Mkoani

Nimerudi na majibu. Moto wa plagi ulikuwa mzuri gari ilipozima. Filta nilibadilisha, hali ikabaki vile vile. Asubuhi geji ilisoma 41 mpira ukiwa nje na 33 ukiwa ndani, lakini mlimani, baada ya nusu saa, ilishuka mpaka 24 mbele ya macho ya mwanangu aliyekuwa akiisoma.

Tuliinua kiti cha nyuma tukapima injini ikiwa inawaka: betri volti 13.9, pampu 10.1. Upande wa chanya ulipoteza 0.4 tu, 3.4 zote zilipotelea baina ya waya hasi wa pampu na betri. Bolti ya ethi ilipofunguliwa, ile pete ya waya ilibaki mkononi mwangu vipande viwili, na chini yake palikuwa na unga wa kijani. Tulipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukafunga pete mpya na kuipaka grisi. Pampu sasa inapata 13.4, na mlima wa kutoka bandarini nimeupanda mara mbili geji ikiwa haishuki chini ya 40.

Ile pampu ya zamani, ambayo sasa naamini haikuwa na kosa, nimekwenda kuiomba kwa fundi wa pili. Amenijibu kwamba ameshaifunga kwenye gari ya mtu mwengine, na inakwenda vizuri.