Naombeni ushauri: spika ndefu za kusimama au ndogo za shelfu?

Mtoto wa Dansi
Wakuu, habari za majukumu. Nimetenga chumba cha kusikilizia muziki tu, hasa dansi za zamani. Nichukue spika ndefu za kusimama chini au zile ndogo za shelfu? Hata usingizi sipati. Wajuvi karibuni.

Kobe Mwendo
Ngoja waje. Nimekaa pale na karanga zangu.

Bibi Mtanga
Mwanangu, kiwanja umeshanunua?

Fundi Besi
Chumba kina ukubwa gani? Bila hilo tunapiga ramli.

Mtoto wa Dansi
Cha kawaida tu mkuu. Napenda besi nayoisikia kifuani, ndiyo maana naegemea ndefu.

Fundi Besi
Kawaida ni futi ngapi?

Mtoto wa Dansi
Kumi kwa kumi na moja. Nimepanga hapa Sinza, ukuta mmoja tunachangia na mwenye nyumba. Ila mzee hana neno. Halafu ndefu nimeshatanguliza laki tatu Kariakoo, na jamaa harudishi.

Fundi Besi
Kumbe unatafuta baraka, siyo ushauri. Futi 11 ni kama mita 3.4. Chumba hicho chenyewe kinavuma kwenye hezi 50 hivi, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na gitaa la besi linapita hapohapo. Nota moja itavimba, ya pili huisikii. Ndefu utazisukumia kwenye kona kwa kukosa nafasi, na kona inazidisha besi. Ndogo ziweke juu ya stendi, kispika cha juu kiwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, nyuma uache japo futi mbili. Kutoka spika hadi spika pawe sawa na kutoka kila spika hadi kwako. Ukizing'ang'ania ndefu, ziba matundu ya nyuma kwa soksi.

Baba Watatu
Soksi! Mimi 2009 nilikuwa na sabufa Mabibo, dada wa chumba cha pili akaja kugonga mlango saa sita usiku kalewa usingizi, anatukana. Ndiye mama watoto. Chukua ndefu kijana.

Mtoto wa Dansi
Asante Baba Watatu, umenielewa. Nitakuwa nazipiga kwa sauti ya chini.

Fundi Besi
Besi ya kifuani, kwa sauti ya chini. Haya.

Rangi ya Chai
Jamani hii ni chai. Mwezi wa tano huyu aliomba ushauri humu, kwamba analala sebuleni kwa shemeji yake. Chumba cha muziki kimeota?

Mtoto wa Dansi
Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu.

Bibi Mtanga
Huyo rafiki anajua una laki tatu?

Kobe Mwendo
Weka picha ya chumba. Karanga zinaisha.

Mtoto wa Dansi
Nitaweka kesho wakuu, huku Sinza umeme umekatika, ni giza totoro.

Rangi ya Chai
Sinza ipi? Mimi niko Sinza sasa hivi napiga pasi.